Namna ya Kusoma Boksi la Kamera Mpya: Maana ya Namba, Herufi na Alama za Mtengenezaji

Boksi la kamera mpya huandikwa na mikono mingi. Mtengenezaji huweka jina la modeli, kiwanda hubandika namba ya mfululizo, tawi la kampuni katika eneo fulani huongeza msimbo wake wa mauzo, mamlaka za serikali hudai alama zao, kanuni za usafiri wa anga hudai onyo la betri, na mwishoni muagizaji hubandika stika ya bei au ya waranti. Kwa hiyo mnunuzi anayeligeuza boksi juu ya kaunta hukutana na maandishi ambayo mengi hayakuandikwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya watunza bohari, maofisa wa forodha na wakaguzi wa viwango. Njia ya kuyaelewa ni kuuliza swali moja mbele ya kila alama: nani aliiweka, na kwa ajili ya soko gani? Jibu lake hukupa mambo mawili unayoyahitaji kabla ya kulipa, yaani kama kilichomo ndani ndicho kilichoandikwa nje, na kama kamera hiyo ilikusudiwa mnunuzi wa mahali ulipo au wa upande mwingine wa dunia.

Mfuatano ufuatao ndio ninaoutumia mwenyewe. Hauhitaji kifaa zaidi ya simu na mwanga wa kutosha, na ukiuzoea hauchukui zaidi ya dakika kumi.

Hatua ya 1: Achana na upande wa mbele, tafuta lebo kuu

Upande wa mbele wa boksi ni tangazo. Picha ya kamera, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa na sifa za video ya 4K huchapwa pamoja na karatasi yenyewe, na huwa zilezile kwenye maelfu ya maboksi. Kinachotofautisha boksi moja na jingine ni lebo iliyoongezwa baadaye, mara nyingi nyeupe, kwenye upande mwembamba au chini ya boksi. Humo utakuta jina kamili la modeli, rangi, maelezo ya lenzi kama imo, msimbomilia mmoja au zaidi (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine), namba ya mfululizo, na mara nyingi nchi ilikotengenezwa.

Piga picha ya lebo hiyo kabla hujaanza kuzungumza bei. Ukikuta lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, au imekwanguliwa, au namba ya mfululizo imefunikwa kwa stika ya duka, simama hapo na uombe maelezo. Si kila lebo ya juu ni hila, kwa sababu waagizaji wengi hulazimika kisheria kuongeza lebo ya lugha ya nchi yao, lakini muuzaji mwaminifu hatasita kukuonyesha kilicho chini yake.

Hatua ya 2: Soma jina la modeli hadi herufi ya mwisho

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba jina tofauti ni kamera tofauti. Canon, kwa mfano, imekuwa ikiuza kamera zake za wanaoanza kwa majina yanayobadilika kwa kila soko. Kamera inayoitwa EOS 2000D Ulaya na katika sehemu kubwa ya Afrika ndiyo inayoitwa EOS Rebel T7 Marekani, EOS 1500D katika baadhi ya nchi za Asia, na EOS Kiss X90 Japani. Vivyo hivyo, EOS 250D ni Rebel SL3 kwa Mmarekani na EOS 200D II kwa mnunuzi wa India. Ukiona neno Rebel kwenye boksi dukani Kariakoo au Nairobi, hujaona kamera bandia. Umeona kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na swali linalofuata ni nani atakayeheshimu waranti yake hapa.

Sony hufanya kinyume chake: jina la kibiashara ni moja, lakini jina la kiufundi kwenye lebo limebeba habari nyingi zaidi. Kamera ambayo watu huiita α7 IV huandikwa ILCE-7M4. Herufi ILCE husimama kwa kamera yenye lenzi za kubadilisha na mlango wa lenzi wa aina ya E, ilhali DSC hutumika kwa kamera za kidijitali zenye lenzi isiyotoka, kama DSC-RX100M7. Tarakimu inayofuata herufi M ni kizazi, hivyo 7M4 ni kizazi cha nne cha mfululizo wa 7. Baada ya hapo huja herufi inayotaja seti, na mtu mwenye haraka huipita bila kuiona. ILCE-6400 ni bodi tupu, yaani kamera bila lenzi. ILCE-6400L ni bodi pamoja na lenzi ya 16-50mm. ILCE-6400M huja na ya 18-135mm. Na ILCE-6400Y ni seti ya lenzi mbili. Kwa ILCE-7M4, herufi K humaanisha kwamba lenzi ya 28-70mm imo. Mwishoni kuna rangi, /B kwa nyeusi na /S kwa ya fedha. Katika orodha za bei za Ulaya utaona pia kiambishi .CEC, ambacho ni msimbo wa eneo la Ulaya.

Panasonic ndiyo iliyo wazi kuliko zote kwa kutaja soko. Kamera zake za Lumix huanza na DC, na za zamani kabla ya 2017 zilianza na DMC. Baada ya jina la modeli huja herufi za eneo, kisha rangi. DC-GH5EB-K ni GH5 ya Uingereza, nyeusi. EG ni ya Ujerumani na nchi nyingine za bara la Ulaya, P ni ya Amerika Kaskazini, na GN ni ya Australia na New Zealand. Herufi K ni nyeusi, S ni ya fedha.

Canon nayo ina msimbo wa bidhaa wa herufi nane, kwa mfano 4082C002, ambao ni bodi ya EOS R6 kwa soko la Marekani. Sehemu ya mbele hutaja bidhaa, na tarakimu tatu za mwisho hutofautisha soko au mpangilio wa seti. Usijaribu kuzikariri. Andika msimbo mzima kwenye sehemu ya kutafutia ya simu yako, na uangalie ni maduka ya nchi gani yanayoutumia. Ukikuta yote ni ya nchi moja, umeshajua boksi hilo lilianzia wapi safari yake.

Hatua ya 3: Linganisha lenzi iliyotajwa na lenzi unayodhani unainunua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu lenzi mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kwa namba za milimita huku zikitofautiana kwa kitu kimoja muhimu. Mfano mzuri ni ile lenzi ya Canon ya 18-55mm inayofungashwa na kamera za wanaoanza. Moja huandikwa EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 IS II, nyingine EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 III. Mtu asiyejua hudhani kwamba III ni toleo jipya na bora kuliko II, kwa kuwa tatu ni zaidi ya mbili. Ukweli ni kwamba IS ndiyo herufi ya kutafuta: humaanisha lenzi ina kituliza mtikisiko, na ile ya III haina. Mpiga picha wa harusi anayefanya kazi ukumbini jioni ataigundua tofauti hiyo usiku wa kwanza. EOS 2000D imeuzwa na lenzi zote mbili, kwa hiyo jina la kamera peke yake halikuhakikishii chochote.

Kila kampuni ina herufi zake za kituliza mtikisiko: Nikon huandika VR, Sony huandika OSS, Fujifilm huandika OIS. Herufi nyingine za kuzingatia ni zile zinazotaja ukubwa wa sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ambayo lenzi imetengenezewa. Kwa Sony, FE ni lenzi ya sensa kubwa na E peke yake kwa kawaida ni ya sensa ndogo ya APS-C. Kwa Nikon, DX ni ya sensa ndogo. Kwa Canon, RF-S na EF-S ni za sensa ndogo, ilhali RF na EF ni za sensa kubwa. Alama ya duara lililokatwa kwa mstari, ikifuatwa na namba kama 58mm, si urefu wa lenzi wala nguvu ya kuvuta karibu, bali ni kipenyo cha mdomo wa lenzi, unachokihitaji ukienda kununua kioo cha kinga.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, lebo za makini huandika namba mbili, ya jumla na ya zinazotumika. Sony α6400 ina takriban milioni 25.0 kwa jumla na milioni 24.2 zinazotumika kutengeneza picha. Namba ya kulinganisha ni ile ya pili.

Hatua ya 4: Fahamu msimbomilia unasema nini, na usichokisema

Imani iliyoenea ni kwamba tarakimu za mwanzo za msimbomilia hutaja nchi ilikotengenezwa bidhaa. Si kweli. Hutaja shirika la usajili lililoipa kampuni namba yake. Kampuni ya Japani inaweza kutengeneza kamera Thailand na kuiwekea namba iliyosajiliwa Japani, na tawi lake la Marekani linaweza kuiwekea kamera ileile namba iliyosajiliwa Marekani. Tarakimu 450 hadi 459 na 490 hadi 499 ni za usajili wa Japani, 690 hadi 699 ni za China, 50 ni za Uingereza, 616 ni za Kenya na 620 ni za Tanzania. Namba zinazoanza na sifuri, au zenye tarakimu 12 badala ya 13, mara nyingi ni za Marekani na Kanada.

Kwa hiyo msimbomilia hauwezi kukuambia kiwanda, lakini unaweza kukusaidia kubaini soko. Bidhaa za Sony zilizosajiliwa Marekani huanza na 027242, ilhali nyingi za usajili wa Japani huanza na 4548736. Kwa Canon, 013803 ni ya Marekani na 4549292 ni ya Japani. Boksi moja likiwa na misimbomilia yote miwili, ya tarakimu 12 na ya tarakimu 13, usishangae. Baadhi ya maboksi huandaliwa ili yaweze kuuzwa katika masoko zaidi ya moja.

Kuna pia hesabu ndogo inayoweza kufichua lebo iliyochapwa na mtu asiyejua anachokifanya. Tarakimu ya mwisho ya msimbo wa tarakimu 13 ni ya kuhakiki, na hutokana na zile 12 zilizotangulia. Tuchukue mfano wa 4901234567894. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja: 4, 0, 2, 4, 6 na 8, jumla 24. Kisha jumlisha za nafasi ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili: 9, 1, 3, 5, 7 na 9, jumla 34, na uizidishe kwa 3 upate 102. Jumla kuu ni 126. Ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 130, inahitajika 4, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Hesabu ikikataa, ama umeisoma vibaya, ama namba hiyo haikutolewa na yeyote. Ikikubali, bado haijathibitisha kwamba kamera ni halisi, kwa sababu anayeghushi anaweza kunakili namba halali bila shida; ndiyo maana ninaiweka hesabu hii kama kipimo cha kukataa, si cha kukubali.

Usichanganye msimbomilia huu na ule wa namba ya mfululizo. Wa kwanza ni uleule kwa kila boksi la modeli, rangi na soko hilo. Wa pili ni wa boksi moja tu.

Hatua ya 5: Namba ya mfululizo lazima ikutane mahali patatu

Hii ndiyo hatua ambayo, kama ningeruhusiwa moja tu, ningeibakisha. Namba ya mfululizo huandikwa kwenye lebo ya boksi, kwenye bodi ya kamera (mara nyingi chini, au nyuma ya skrini inayofunguka, au ndani ya kibati kidogo kinachovutwa nje), na kwenye kadi ya waranti pale inapokuwapo. Zote zinapaswa kufanana tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, kamera na boksi havikutoka kiwandani pamoja: huenda ni kamera iliyotumika ikawekwa kwenye boksi jipya, au seti ilivunjwa na vipande vyake kuuzwa kimoja kimoja.

Kuvunjwa kwa seti ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mfanyabiashara hununua seti ya bodi na lenzi kwa bei nafuu, akatoa lenzi na kuiuza peke yake, na mnunuzi wa lenzi huipokea kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi. Lenzi hiyo inaweza kuwa mpya kabisa na nzuri. Ila haina boksi la kulinganisha, na bei yake inapaswa kushuka kwa sababu hiyo.

Kuna mahali pa nne pa kuitafuta namba hiyo. Kamera nyingi, ingawa si zote, huandika namba ya mfululizo ya bodi ndani ya kila faili la picha. Piga picha moja dukani kwa kadi yako mwenyewe, kisha ifungue kwa programu inayosoma taarifa za picha, kama ExifTool, uione. Kwa kamera za Nikon programu hiyo hukuonyesha pia idadi ya mibofyo ya shata, yaani mara ambazo kamera imeshapiga picha, na kamera mpya inapaswa kuwa na mibofyo michache sana. Jina la faili la kwanza, kama DSC_0001 au IMG_0001, si ushahidi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kurudisha hesabu ya majina mwanzo kupitia menyu.

Nikon ina desturi nyingine inayofaa kujulikana: lenzi zake zinazouzwa rasmi Marekani huwekewa herufi US mbele ya namba ya mfululizo, na tawi lake la nchi hiyo linajulikana kwa kukataa kutengeneza vifaa vilivyoingia kwa njia za pembeni. Jamaa aliye Minnesota au Texas anayetaka kukutumia lenzi ana sababu ya kuitafuta herufi hiyo kabla hajalipa.

Hatua ya 6: Nchi ya utengenezaji isomwe kwa utulivu

Maandishi ya «Made in» yamezua ubishi mwingi kuliko alama nyingine yoyote, na sehemu kubwa ya ubishi huo haina msingi. Wapo wanaoikataa kamera kwa sababu imeandikwa Thailand badala ya Japani. Nikon imekuwa ikitengeneza kamera Ayutthaya, Thailand, kwa miaka mingi, na mafuriko ya Oktoba 2011 yaliyokizamisha kiwanda hicho yaliuonyesha ulimwengu jinsi kampuni ilivyokitegemea. Canon ina viwanda Oita na Nagasaki, kusini mwa Japani, na kingine Taiwan. Fujifilm X100V ilitengenezwa Japani, ilhali mrithi wake X100VI hutengenezwa China, na hakuna aliyeacha kuigombania kwa sababu hiyo.

Maandishi haya yana kazi moja ya maana, nayo ni kulinganisha. Nchi iliyoandikwa kwenye lebo ya boksi inapaswa kuwa ileile iliyoandikwa chini ya bodi. Boksi likisema Japani na bodi ikisema Thailand, rudi hatua ya 5 na uzisome namba upya. Ila ujue kwamba betri, chaja na lenzi vinaweza kuwa na nchi zao tofauti, na hilo si kasoro.

Hatua ya 7: Alama za mamlaka

Alama hizi ndogo hujazana nyuma ya boksi, chini ya bodi na juu ya betri, na nyingine zimehamia ndani ya menyu ya kamera, kwenye ukurasa unaoonyesha nembo za uthibitisho. Kanuni ya kwanza ni kutofautisha iliyochapwa na iliyobandikwa. Bodi na betri hutengenezwa kwa ajili ya dunia nzima na hubeba alama nyingi kwa pamoja, kwa hiyo CE chini ya kamera haithibitishi kwamba ilikusudiwa Ulaya. Stika iliyoongezwa kwenye boksi kwa ajili ya nchi moja ndiyo inayosema zaidi.

CE ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inatimiza masharti ya Umoja wa Ulaya. Kuna uvumi wa muda mrefu kwamba CE ikiandikwa kwa herufi zilizokaribiana humaanisha bidhaa ya China ya kuuzwa nje. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. CE iliyochorwa bila kufuata vipimo vyake ni CE iliyokosewa tu, na inapaswa kukutia shaka kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nchi. UKCA ni ya Uingereza, na ilianza kutumika 1 Januari 2021 baada ya nchi hiyo kutoka katika Umoja wa Ulaya. KC ni ya Korea Kusini, EAC ni ya Urusi na jirani zake wa umoja wa Eurasia, RCM ni ya Australia na New Zealand, na PSE, ambayo utaiona hasa kwenye chaja na betri, ni ya Japani.

FCC ni mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Kifaa chenye redio ya Wi-Fi au Bluetooth hupewa namba ya utambulisho inayoanza na herufi za mwombaji: AZD ni Canon, AK8 ni Sony. Namba hiyo inaweza kutafutwa kwenye kumbukumbu za wazi za mamlaka hiyo, na ukaona nani aliiomba na lini. Ni miongoni mwa alama chache ambazo mnunuzi wa kawaida anaweza kuzihakiki bila kumtegemea muuzaji.

Pipa la taka lenye magurudumu lililokatwa kwa msalaba humaanisha kifaa kisitupwe pamoja na taka za nyumbani, na mstari mnene chini ya pipa hilo husema kiliingia sokoni Ulaya baada ya 13 Agosti 2005. Kati ya alama zinazotaja aina ya karatasi ya boksi, PAP 20 ni karatasi ngumu yenye mawimbi ndani, PAP 21 ni ubao wa karatasi usio na mawimbi. Utazikuta kwenye maboksi ya Ulaya, hasa tangu Italia ilipozifanya za lazima mwaka 2023. Duara lenye namba ndani yake, kama 10, ni la China, nalo hutaja miaka ambayo vitu vya sumu vilivyomo havitarajiwi kuvuja katika matumizi ya kawaida. Nimewahi kumsikia muuzaji akimweleza mteja kwamba hiyo ndiyo waranti ya miaka kumi. Siyo waranti, wala si tarehe ya kuharibika.

Nchini Kenya, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje hutakiwa kuwa na stika ya ubora wa bidhaa za kigeni ya KEBS, shirika la viwango la nchi hiyo, na muagizaji aliyefuata taratibu huwa nayo.

Hatua ya 8: Umeme, betri na lugha ya menyu

Kwenye chaja, maandishi ya 100-240V na 50/60Hz humaanisha itafanya kazi popote, ukiwa na plagi inayoingia ukutani. Ikiwa imeandikwa 100V au 120V peke yake, usiichomeke Dar es Salaam, ambako umeme ni wa volti 230. Waya wenye pini mbili bapa hutaja Japani au Amerika Kaskazini, pini mbili za duara hutaja bara la Ulaya, na pini tatu nene za mstatili ndizo zetu na za Uingereza.

Hata hivyo, siku hizi huenda usikute chaja kabisa. Tangu 28 Desemba 2024, kamera za kidijitali zinazoingia katika soko la Umoja wa Ulaya na kuchajiwa kwa waya zinatakiwa kuwa na tundu la USB-C, na boksi lake lionyeshe kwa picha kama chaja imo. Picha hiyo inaonyesha chaja. Ikikatwa kwa mstari, chaja haimo, na muuzaji hajakuibia. Kando yake kuna lebo yenye namba mbili za wati, ya chini na ya juu ambazo kamera inaweza kuzipokea, pengine ikiwa na maneno USB PD.

Lebo yenye ukingo wa mistari myekundu na namba UN3481 ni onyo kwa wasafirishaji kwamba betri ya lithiamu imo pamoja na kifaa. UN3480 ni ya betri zinazosafiri peke yake. Betri yenyewe hutaja wati-saa zake: Sony NP-FZ100 ni ya volti 7.2 na 2280mAh, yaani 16.4Wh, mbali kabisa na kikomo cha 100Wh ambacho mashirika ya ndege humruhusu abiria bila kuomba kibali.

Lugha haitajwi kwenye lebo kwa namba yoyote, na ndilo jambo lililonigharimu. Nilinunua kamera iliyokuwa na boksi safi, namba zote zikikubaliana, na bei ya kupendeza. Nilipofika nyumbani nikakuta menyu ni ya Kijapani tu, bila njia ya kuibadilisha. Kamera nyingi za Sony na Panasonic zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hufungwa kwa lugha hiyo. Boksi lililojaa maandishi ya Kijapani upande wa nyuma, bila maelezo ya lugha nyingine, ndiyo dalili. Washa kamera na ufungue orodha ya lugha kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 9: Stika za muagizaji na kifungio

Boksi lenye stika ya MRP na bei kwa rupia lilikusudiwa India, ambako sheria hudai bei ya juu kabisa, jina na anwani ya muagizaji, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa vichapwe kwenye kifungashio. Kwa msomaji wa boksi hiyo ni zawadi, kwa sababu ni mojawapo ya nafasi chache ambapo tarehe huandikwa waziwazi. Linganisha tarehe hiyo na maneno ya «mzigo mpya wa wiki hii».

Kifungio cha boksi kina uzito mdogo kuliko kinavyopewa. Kampuni nyingine huweka stika ndogo ya duara, nyingine gamu peke yake, na nailoni ya kubana kwa moto hupatikana kwa muuzaji yeyote wa vifungashio. Boksi lililofunguliwa kwa ukaguzi wa forodha linaweza kuwa na kamera mpya kabisa, na lililobanwa nailoni vizuri linaweza kuwa na iliyotumika.

Waranti nyingi za kamera hufungwa na eneo, kwa hiyo uliza ni karakana gani itakayoipokea kamera hiyo ikiharibika, na jina la karakana liandikwe. Risiti nayo, iwe ya mashine ya kodi (EFD) au ya namna nyingine, iandikwe modeli kamili pamoja na herufi zake za mwisho na namba ya mfululizo kama zilivyo kwenye lebo. Ukishafika nyumbani, ihifadhi picha ya lebo mahali pengine mbali na simu unayoibeba, kwa kuwa siku begi litakapoibwa, polisi na kampuni ya bima wataanza kwa kukuuliza namba hiyo.